Sukari ya D+

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

KUH: MIWA YA WALIOANGUKA

Kwa heshima na taadhima, sisi wakulima wa miwa wa Ndhiwa tunakushukuru kwa kutukumbuka kila Januari. Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2024, watahiniwa walikuwa 962,512, na 246,391 kati yao wakapata C+ na zaidi, yaani tiketi ya chuo kikuu. Waliobaki, zaidi ya 700,000, wakatajiwa vyuo vya ufundi kwa sauti ya kumpa pole mfiwa. Maana yake taifa hili kila mwaka hutangaza, mbele ya kamera, kwamba robo tatu ya watoto wake ni makapi.

Basi kwa kuwa sheria ni msumeno, tunaomba huu wa vyeti ufike hata shambani. Miwa ya Ndhiwa ikaguliwe vyeti kabla ya kupandishwa mizanini. Mkulima wa Kanyamwa mwenye D+ azuiwe langoni na trela lake, atumwe mjini kutafuta nakala iliyopigwa muhuri wa wakili, huku miwa ikikauka juani na kupungua uzito. Sukari yake ifungwe kwenye pakiti ya rangi yake, alama iandikwe kwa herufi kubwa, isije ikachanganyika na ya mwenye B. Na katika kila ofisi inayomtaka karani awe na shahada, aajiriwe mwonjaji mwenye uzamili, asimame kando ya birika la chai ya saa nne, atie ulimi na kuthibitisha kwamba hakuna kijiko kilichotoka kwa mtu aliyeanguka Hisabati. Kikipatikana, chai inywewe chungu.

Utasema daktari hafunzwi upasuaji sokoni. Kweli, wala hatutaki kupasuliwa na fundi wa pikipiki. Chuo ni lazima pale kazi yenyewe inapofunzwa chuoni. Kwingineko shahada ni uzio tu, wa kupunguza bahasha mezani kwa mwajiri. Na hata daktari huyo, aliyepata alama za juu kuliko wote, mwaka 2024 alikuwa barabarani na wenzake kwa siku 56 za mgomo, wakidai pamoja na mengine wanagenzi wapewe vituo na malipo waliyoahidiwa. Utasema pia kwamba mwenye shahada kwa kawaida humzidi mwenziwe kipato. Mlango ukiwa na ufunguo mmoja, ajabu gani mwenye ufunguo akikutwa ndani?

Wakubwa wenyewe wanajua kwamba shahada si lazima kila mahali. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha sharti la shahada kwa wawakilishi wa wadi, na kwa hoja nzuri tu: mwananchi asinyimwe uongozi kwa kukosa karatasi. Kwa hiyo anayepitisha bajeti ya kaunti nzima hahitaji shahada, ila karani anayeichapa huenda akadaiwa shahada. Huo ni wizi wa riziki, Mheshimiwa, na aliyeubuni anajua hivyo.

Utuwie radhi, kalamu imeteleza. Kama maombi haya ni mazito, tutimizie moja dogo: Januari ijayo, ukisimama kusoma matokeo, kusiwe na kikombe cha chai mezani.

Wako mtiifu, kwa kadiri ya alama zake,
Mkazi wa Ndhiwa.