Shemeji na Meria Yake

Jirani, sogea hapo kwenye benchi nikupe mambo. Usicheke mapema.

Mimi Kifaransa nilikisoma mpaka pale pesa ya minerval ilipokwisha. Kiingereza, hapana kabisa. Na lawama si yangu. Kiingereza kilishawahi kuja Likasi huku, enzi mji ukiitwa Jadotville, Septemba 1961, na askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa. Wakapigana siku chache, risasi zikaisha, wakatiwa kifungoni. Kama wenye lugha yao walishindwa hapa, mimi mtu wa Buluo nitaiweza wapi?

Sasa kuna shemeji yangu, kaka ya mama watoto. Anauza vitu Kitwe, Zambia. Akishavuka Kasumbalesa, Kifaransa anakisahau, Kiswahili anakisahau, anakumbuka njaa tu. Alhamisi akapiga simu: Jumamosi anakuja. Rezo mbovu, sauti inakwenda na kurudi. Nikamuuliza, "Shemeji, mnakuja wangapi?" Akajibu, "The more, the merrier!" Laini ikakatika.

Jirani, masikio yangu ni ya Kifaransa. Mimi nikasikia "de mort", yaani mambo ya kifo. Halafu nikasikia "mairie", ofisi ya meya. Nikajumlisha mwenyewe: kuna mtu amekufa, na karatasi zinatakiwa mairie. Kumpigia tena? Unité sina. Nikamwambia mama watoto. Akatoa ukelele mmoja tu. Mtaa mzima ukajua.

Ijumaa mimi huyo mairie, kwa miguu, koti la harusi mwilini. Kijana wa dirishani akaniuliza kwa adabu, "Papa, marehemu anaitwa nani?" Sijui. "Alikufa lini?" Sijui. "Ni nani kwako?" Nikamwambia, ndiyo hiyo nimekuja kuuliza. Mstari mzima nyuma yangu ukacheka. Mama mmoja alicheka mpaka akapoteza zamu yake.

Jumamosi turubai limefungwa. Viti vya kuazima. Wamama wamekaa chini, vitambaa kichwani. Wanaume wamezunguka moto, wanamlilia mtu wasiyemjua. Mara inaingia taksi, na nyingine nyuma yake, muziki juu. Shemeji! Na watu tisa! Na kreti ya bia! Alikuja kusherehekea duka lake jipya.

Akashuka, akaona turubai. Akaona wamama. Akajitupa chini akilia jina langu. Alifikiri ni mimi! "Alikuwa mtu mzuri! Hakuwa na roho ya ubahili!" Mimi nimesimama pembeni na ndoo ya maji. Sikusema kitu. Miaka kumi na saba ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza huyu mtu kunisifu. Nikamwacha amalize.

Binti yangu, anayesoma sekondari, ndiye aliyetufungulia fumbo. Merry ni mtu mchangamfu. Ukitaka kusema amechangamka kuliko mwenzake, ile y ya mwisho unaifukuza, unaweka i, unafunga er: merrier. Happy nayo hivyohivyo, happier. Basi shemeji alimaanisha watu wakizidi, raha inazidi. Nikamwambia binti, sasa kwa nini wanalikata neno mkia na kulishonea mwingine? Sisi tunaweka "zaidi", tunalala. Akaniangalia vile wanavyoangalia mbuzi aliyeingia kanisani.

Akaongeza kwamba Waingereza humwita merry hata mtu aliyeonja pombe kidogo. Hapo nikaelewa mara moja, maana mfano ulikuwa mbele yangu. Chupa ya pili, shemeji alikuwa merry. Ya nne, merrier. Ya saba, alikuwa amelala kwenye turubai la kilio chake mwenyewe.

Unafikiri waombolezaji waliondoka? Nani anaondoka akisikia hakuna maiti ila kuna bia? Wakabaki wote, na wale tisa juu yao. Raha ilizidi, siwezi kukataa. Lakini bukari haijui kuzidi, bukari inajua kugawanyika. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji alipewa sufuria akwangue, na sombe iliyobaki kwenye mwiko.

Jumatatu nikamweleza mwalimu mmoja wa Kiingereza hapa mtaani. Akatikisa kichwa. Akasema hiyo methali ni ya zamani sana, Waingereza walikuwa nayo tayari katika karne ya 16, na ilikuwa na nusu ya pili: wakipungua watu, chakula kinanoga.

Nusu ya pili, jirani! Yenye maana yote! Shemeji amevuka forodha na watu tisa na kreti, hiyo nusu moja ndiyo ikamshinda kubeba.

Haya, nikopeshe mkate. Viti vya watu bado sijarudisha.