Mteja Ni Jambo la 13

Sijui nani aliwaambia wateja wa karakana za Gerezani, Dar es Salaam, kwamba mashine ya kukerezea ina eksileta. Mtu analeta shafti ya mashine yake ya kusaga, anavuta stuli, anakodoa macho kidogo, kisha anaanza: "Fundi, mbona inajivuta hivyo? Kanyaga basi!" Bosi wangu, hii si daladala ya kugombea abiria wa Mbagala. Hii ni hesabu.

Tena hesabu yenyewe ya darasa la saba. Chuma laini, kwa kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia), hukatwa mita kama 30 kwa dakika. Zidisha kwa 1,000 upate milimita, gawanya kwa pai mara kipenyo. Shafti ya milimita 50 inakupa mizunguko 191 kwa dakika. Mashine nayo ina kiburi chake: 191 haina. Gia zake zina 180, halafu zinarukia 280. Unashuka 180, maana ukipanda unaunguza kisu. Kila mzunguko kisu kinasogea milimita 0.2, yaani 36 kwa dakika. Shafti ya milimita 300 inakula dakika nane na ushei, na hapo umepita mara moja tu. Nikimpigia mteja hesabu hiyo, ananijibu kwamba fundi wa jirani hana maneno mengi.

Kweli hana. Yeye anakwenda kwa sikio: mashine ikilia, anapunguza mwendo. Ikishalia, ndugu yangu, kisu kimeshaungua! Na kijana wangu wa kazi ndiye mwanafunzi wake. Anafunga biti ya milimita 25 na kuipeleka mizunguko 950, mwendo uleule aliotobolea kwa biti ya milimita 10. Biti kubwa, mwendo mdogo. Nimesema mpaka koo limekauka. Moshi unafuka, vinyoleo vinatoka vya buluu, pembe za biti zimelika, naye ananiuliza kama dukani walituuzia feki.

Mwaka 1906 Mmarekani Frederick Taylor alisimama mbele ya wahandisi wenzake akaeleza majaribio ya miaka 26 kuhusu jambo hilihili: chuma kikatwe kwa mwendo gani. Alikuta mambo 12 yanayoingia kwenye hesabu, kuanzia ugumu wa chuma hadi umbo la kisu. Mteja aliyekusimamia begani ni la 13, hakumwandika. Kwa kanuni yake Taylor, ukiongeza mwendo asilimia 10 tu, maisha ya kisu cha haispidi yanapungua kwa zaidi ya nusu.

Na nusu hiyo hailipi aliyekuwa anakuharakisha. Yeye kazi ikiisha anadai apunguziwe bei, eti amecheleweshwa. Basi nimebandika kibao ukutani, herufi kubwa, rangi nyekundu: KUTAZAMA NI BURE. MWENDO WA ZIADA, NJOO NA KISU CHAKO.