Zima Feni, Tunaskani Filamu

Kwanza, oga. Kisha vaa fulana isiyotoa nyuzi, zima feni (naam, hata kama uko Dar es Salaam na ni Februari), na paka atoke nje. Picha moja ya filamu ya kawaida ina upana wa milimita 36. Ukiikuza ifike sentimita 36, umeikuza mara kumi, na kijiuzi cha nusu milimita kilichotua kwenye shavu la shangazi kinakuwa kovu la nusu sentimita. Kupuliza vumbi kwa mpira wa kupulizia ni kazi ya sekunde tano. Kulifuta kwenye kompyuta, chembe moja moja, utakesha. Usipulize kwa mdomo, mate yatakuachia madoa.

Shika mkanda wa filamu kwenye kingo tu. Una upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukishindwa kuzitofautisha pande hizo, skani kisha soma jina la kanga ya shangazi. Likisomeka kinyumenyume, geuza.

Weka skana kwenye nukta 2400 kwa inchi. Utapata pikseli kama 3400 kwa 2270, zinatosha picha ya ukutani. Skana yako ikiwa na kifuta vumbi cha infraredi, kitumie kwa negativu za rangi. Kwa filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe kizime kabisa: fedha iliyomo huzuia miali hiyo, na mashine itamhesabu bibi mwenyewe kuwa vumbi.

Negativu ya rangi ina wekundu wa chungwa, ndiyo maana ukigeuza rangi zake watu wote hutoka buluu kama waliozama baharini. Tafuta kitu cheupe unachokijua. Kanzu ya babu inafaa sana. Rekebisha nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake, mpaka kanzu iwe kanzu.

Hapo toa mkono. Zile punje ndogo unazoziona kwenye picha ndizo filamu yenyewe. Ukizilainisha, babu atakuwa sanamu ya plastiki, nami nitakasirika kwa niaba yake.

Negativu irudi kwenye bahasha. Studio moja iliwahi kunipa picha kwenye flashi, mkanda wangu ikautupa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, maana sina tena cha kuskani upya.

Kisha mwite mama aje atazame. Atakutajia kila mtu, hata yule aliyekatwa nusu pembeni. Andika majina kwenye bahasha kwa penseli, leo hii, usingoje Idi.