Sifa za Picha Mgonjwa

Washairi wa kale walizoea kuwasifu masultani na majahazi. Mimi, kwa idhini ya msomaji, naomba kuyasifu maradhi ya michoro yaliyoushika mchezo wa magari katika kompyuta yangu kuukuu hapa Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kilikuwa kikisemwa barazani mwake miaka mingi kabla ya 2017, kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Fadhila ya kwanza ya maradhi haya ni ukarimu. Mchezo mzima hunipa barabara moja. Mgonjwa hunipa mbili, kwa kuwa lami na mstari mweupe uliolazwa juu yake hukaribiana mno, hata hesabu ya kina, ambayo kompyuta huiweka kwa kila nukta ya kioo ili ijue kipi kiko mbele na kipi nyuma, hushindwa kukata shauri, basi mara lami juu, mara mstari juu, kama ndugu wawili wagombeao shamba la urithi mbele ya kadhi. Hesabu hiyo Edwin Catmull aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1974 huko Utah, nami nisingalilisikia jina lake abadan lau mstari ule ungalitulia.

Waama, mchezo ulipokuwa na afya nilikuwa dereva tu. Ulipougua nikawa mwanachuoni. Nilizima vivuli, nikaufupisha upeo wa macho, nikaondoa draiva ya kadi ya michoro na kuweka nyingine, hatimaye nikafungua sanduku la kompyuta, nikakuta vumbi jekundu la kiangazi limegandamana kwenye feni kama ukoko wa wali. Nilipolisugua kwa brashi ya rangi, joto lilishuka, na pembetatu za zambarau zilizokuwa zikiipasua mbingu ya mchezo zikatoweka. Ugomvi wa mstari haukuondoka ng'o, kwani haukuzaliwa na joto.

Mzee jirani yangu, aliyekuja kuomba sukari, alimtazama dereva wa kiooni akaniuliza, "Mwanangu, huyu bwana kichwa amekiacha wapi?" Tangu siku hiyo huja kila jioni kuulizia hali ya mgonjwa, jambo ambalo kwa afya yangu mimi hajawahi kulifanya.

Asiyeamini kwamba upungufu huzaa uzuri na autazame Silent Hill, mchezo wa Konami wa mwaka 1999: PlayStation haikuweza kuuchora mji wake hadi mbali, basi waundaji wakatandaza ukungu, na ukungu huohuo ukawatisha watu kuliko majini yaliyomo ndani yake. Kwetu nako, asubuhi za masika, bonde la Nyabugogo hujaa ukungu, mlima Jali ukapotea machoni, na sijasikia mtu akidai draiva mpya.

Fundi mmoja wa mjini ameniahidi uponyaji kamili kwa kadi mpya ya michoro. Nilimshukuru kwa taadhima, nikapanda pikipiki, nikarudi nyumbani. Mchezo wenyewe sijaumaliza hadi leo.