Shangazi wa Mpakani Akujibu

*Shikamoo Shangazi. Nina saiba Malaba, karibu na foleni ya malori. Nilikuwa nasasisha Ubuntu 24.04, stima ikapotea. Sasa kila nikitaka kuweka programu, kompyuta inanigombeza kwa Kiingereza. Fundi anasema tufute kila kitu tuanze upya.*
– Mwenye Saiba

Marahaba, mpwa wangu. Huyo fundi asikugusie mashine. Programu iitwayo dpkg kwanza hufungua pakiti na kuyatandaza mafaili, halafu ndipo huyapanga yafanye kazi. Stima ilikukatia hapo katikati. Pakiti zako ni kama lori lililofika mpakani likakosa muhuri wa forodha: mzigo upo, ruhusa haipo. Nani huchoma lori kwa sababu hiyo? Fungua terminali, andika `sudo dpkg --configure -a`, usubiri imalize. Ikilalamikia pakiti zinazotegemeana, fuatisha `sudo apt --fix-broken install`. Na hicho Kiingereza, kisome! Amri ya kwanza niliyokupa imeandikwa humo humo. Wewe umeipita mbio.

*Shangazi, apt inasema kuna aliyeshika kufuli. Niko peke yangu nyumbani. Au ni mume wangu?*
– Mwenye Wivu, Busia

Mwache mzee wa watu. Soma mwisho wa ujumbe: umetaja nambari ya mchakato na jina lake, na mara nyingi huwa ni unattended-upgrades, yaani Ubuntu inajisasisha yenyewe chinichini. Kunywa chai. Ukifuta faili la kufuli kazi ikiendelea, utaniandikia barua kama ya Malaba, tena ndefu zaidi.

*Natumia intaneti ya simu ofisini. Simu inarukia mtandao wa Uganda, bando linakwisha, masasisho yanakatika.*
– Ajenti wa Forodha, Busia

Pole, ndugu. Kwenye mipangilio ya simu chagua mtandao wa Kenya wewe mwenyewe, usiiachie simu ikuchagulie nchi. Kisha tenganisha kupakua na kuweka: `sudo apt-get upgrade --download-only` hupakua tu. Ikikatika, rudia, pakiti zilizokwisha kufika hukaa `/var/cache/apt/archives`, hulipii bando mara mbili. Jioni, chaji ya laptopu ikiwa imejaa, andika amri hiyo hiyo bila kile kipande cha mwisho.

Wengine mtakaoandika, nakilini ujumbe wote wa kosa. "Imekataa tu" siwezi kuijibu.