Barua ya Wazi kwa Bunge: Hongereni kwa Asilimia Mia

Kwa Bunge Tukufu la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.



Nawaandikia kutoka Buzebazeba, Kigoma-Ujiji, kuwapa pongezi zilizochelewa. Novemba 2020 mlimthibitisha Kassim Majaliwa kuwa Waziri Mkuu kwa kura 350 kati ya 350. Ya hapana hakuna, iliyoharibika hakuna. Mwaka 2015 bwana huyo huyo aliambulia 258, asilimia 73.5, kwa sababu ukumbini bado kulikuwa na wakorofi wa kutosha.

Na kazi yenyewe mnaiweza. Ibara ya 51 ya Katiba inasema Waziri Mkuu hashiki madaraka mpaka mmthibitishe. Jina linakuja ndani ya bahasha iliyofungwa, Spika anaifungua, mnapiga makofi, mnapiga kura, chai haijapoa.

Mawaziri wengine Ibara ya 55 imewapunguzia: Rais anawateua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, basi. Wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa halmashauri pia hawapiti kwenu. Diwani wetu tunampangia foleni juani. Mkurugenzi anayesimamia fedha za Manispaa tunamsikia redioni. Na msije mkaelemewa, Ibara ya 66 inamruhusu Rais kuwaongezea wabunge wasiozidi 10 aliowateua mwenyewe, wawasaidie kuisimamia Serikali yake. Ukarimu huo!

Sisi huku bado tuna ushamba wa kuulizana. Kina mama wa kikoba kimoja hapa mtaani, wengi wao wauza dagaa, wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Juzi mwenyekiti alipendekeza mweka hazina. Mama wa watu akasimamishwa mbele ya mkeka: Mkopo wa mwaka jana ulimaliza lini? Ile hela ya msiba ilikaa kwako siku ngapi, na kwa nini? Shemeji yako anayedaiwa utamdai au utamficha? Alitokwa jasho, akajibu, akapita kwa taabu. Hakuna aliyesema mwenyekiti amevunjiwa heshima.

Wakenya nao wameambukizwa. Kwa Katiba yao ya 2010, waziri mteule anaketi mbele ya kamati, kamera zinamwangalia, anaulizwa ana mali kiasi gani na kaipataje. Agosti 2024 wabunge wao walipitisha wateule 19 wakamkataa mmoja, Stella Soi Lang'at. Sisemi kwao ni peponi. Mwaka 2022 kamati ilimkataa Peninah Malonza, Bunge zima likampitisha. Lakini angalau aliulizwa.

Ila asiwaite mtu dhaifu! Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alilihusisha Bunge na neno "udhaifu", na Aprili 2019 mkaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo akaondolewa kabla ya umri wa kustaafu. Aliyekwenda mahakamani ni mtu wa huku kwetu, Zitto Kabwe, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kule kulikiuka Katiba. Mkaguzi ambaye ripoti zake zilikuwa zikiletwa mezani kwenu alitetewa na mwana wa Kigoma. Azimio kama hilo mliwahi kulipitisha dhidi ya mkaguliwa yupi, Waheshimiwa?

Ombi langu ni dogo. Leteni muswada wa kurekebisha Katiba ili mawaziri na Mkaguzi Mkuu wasiapishwe kabla ya kuhojiwa na kamati yenu hadharani, na kura ya kila mbunge iandikwe kwa jina lake. Nimesoma Ibara ya 98: marekebisho yanahitaji theluthi mbili ya wabunge. Bunge lililowahi kufikisha asilimia 100 haliwezi kushindwa na 67.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Buzebazeba, Kigoma.