Ndimu Haitaki Mke Mwenza

Anayetaka saladi ya haraka ya majani mabichi Kigoma amekosea kabla hajashika kisu. Majani yenye heshima mwambao huu ni sombe, yaani kisamvu, nayo haijui haraka: hutwangwa, huchemshwa mpaka sumu iondoke, ndipo itiwe mawese. Kinachobaki ni kachumbari, inayosifiwa kuwa ni ya dakika tano. Dakika hizo hazihesabu kitunguu ambacho hakikuoshwa kwa chumvi kikakaa kinywani mpaka kesho, wala kidole kilichokata pilipili kikaenda moja kwa moja kufikicha jicho, wala nyanya zilizotiwa chumvi mapema bakuli likawa ziwa dogo kando ya ziwa kubwa.

Juu ya balaa hilo, mtu anataka kuongeza divai. Mimi napinga, na sababu si dini, ingawa Ujiji hiyo pekee inawatosha wengi. Sababu ni ndimu. Divai ina uchachu wake. Ikikuta ulimini uchachu mkali zaidi, wake huzimika, ukabaki unakunywa maji yenye kiburi. Anayetumia siki ya zabibu badala ya ndimu amezidisha kosa, maana siki hiyo ni divai iliyokwisha kukata tamaa ya maisha, na kuziweka meza moja ni kumkalisha kijana kando ya maiti ya babu yake. Watetezi watanikumbusha kuwa Dodoma kuna zabibu, kuna divai tamu, na reli imefika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo chupa haina kisingizio cha kukosa kufika. Nakubali, utamu huvumilia ndimu kidogo. Lakini pilipili je? Kileo huichochea badala ya kuizima.

Wengine hukimbilia historia: Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, si walifungua shampeni? Walifungua. Ila Stanley mwenyewe aliandika kilichokuwepo mezani: kuku wa bizari, nyama ya mbuzi na wali, vyote vimeletwa na wenyeji waungwana. Kachumbari hakuitaja. Tena chupa ile ilikuwa imetoka pwani mizigoni mwa wapagazi, safari ya miezi zaidi ya saba. Baada ya mateso hayo, kuipambanisha na ndimu ingekuwa ukatili.

Basi itoeni ndimu, husema wabishi wakiishiwa. Na mgebuka aliyetoka sasa hivi kwenye mafuta aliwe na nini? Ndimu haikuja mezani kwa ajili ya nyanya; imemfuata samaki, na nyanya zimepata lifti tu. Divai, kwa anayeinywa, isubiri sahani ziondolewe na watu wanawe mikono, hasa yule aliyekata pilipili.